Bomba Lililobisha Hodi

Enzi zetu hapa Amu, ndiyo Lamu yenu, maji yalikuja siku moja yakapumzika mbili, na mtu hakufunga bomba kwa hasira. Ulisubiri birika la chooni, lile tangi la kujengwa, lijae, ukiwatazama visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, kisha ukafunga taratibu. "Bomba hufungwa kana walaza mwana," mama alizoea kusema. Nasi kwa utundu tulilifunga kwa nguvu makusudi, tusikie ukuta ukilia ko-ko-ko. Vijana wa leo wana koki za kupiga kwa kiwiko, watayajulia wapi hayo!

Mwaka mmoja mlio ule ulizidi hata wageni wakawa wanaitikia "karibu". Baba akamwita fundi Mutua, mtu wa bara, mpole. Akagonga ukuta wa ndani, ule wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa, akasema bomba limelegea humo, hapana budi kuvunja. Akatoa tindo. Mama alibadilika uso. Zidaka zile zilichongwa na babu yake, na mbele ya zidaka hizo ndipo alipokalishwa siku ya harusi yake. Aliyejua kuichonga chokaa ile alikwishakufa.

"Bwana fundi, ukuta hauvundwi kwa kudhania," akasema, akaenda jikoni akarudi na mwiko.

Mimi niliwekwa birikani, nifungue nifunge. Mama alisimamisha mpini wa mwiko juu ya bomba, akatega sikio kwenye bapa lake, akalifuata bomba kila mahali lilipojitokeza ukutani. Huku akitufunza: likikohoa maji yanapoanza kuja, huo ni upepo, utatoka wenyewe, likigonga unapofunga, basi kuna mahali linacheza. Chini ya ngazi ya dari akasimama. Kibano kilicholishika kilikuwa kimeliwa na kutu, bomba lapiga ukuta. Akachana pindo la leso yake nyekundu, kanga aliyojitanda, akalizungusha mara nne, Mutua akakaza kibano kipya juu yake. Nikafunga kwa nguvu zangu zote. Kimya. Mutua alicheka mpaka akakaa chini, akaomba apewe ule mwiko autie mfukoni mwa vyombo vyake.

Juzi bomba likaanza kugonga tena. Mwanangu Salim alikwishaona kwenye simu jinsi ya kukata ukuta kwa mashine, na mashine ameiazima. Nikamwambia angoje, nikachukua mwiko jikoni, nikainama chini ya ngazi. Kibano kimeoza tena, na ndani yake zimebaki nyuzi chache nyekundu. Mama ana miaka saba kaburini. Nililia pale pale, na sikumuonea haya mwanangu.

Salim akauliza kama alete kipande cha mpira. Nikamwambia afungue kabati langu. Leso huuzwa jozi, na kile kipande cha pili cha ile nyekundu ya mama nimekihifadhi tangu mazishi yake. Nikakichana mwenyewe, nikazungusha mara nne, naye akakaza kibano.

"Haya, nenda ukaifunge koki yako kwa nguvu, tujue," nikamwambia.

Nikaweka sikio kwenye mwiko, nikangoja. Akaifunga polepole, kana alaza mwana.