Milo Mitano kwa Siku

Juzi, kwenye tramu ya kwenda Jette, huku ughaibuni, niliketi na mwanangu nyuma ya akina mama wawili Wakongomani. Mmoja wao huhudumia wazee majumbani, na alikuwa ametoka kwa daktari.

"Anasema mafuta imezidi mu mwili," alisema, akishika tumbo kwa mikono miwili. "Nikule mara mbili tu kwa siku, ao sukari itanikamata."

"Bon, kula mara mbili!"

"Niko na bazee batano, maman. Kila mutu anaikala peke yake. Nikimupa supu, anaangalia sahani yangu. Nisipokula, naye anaweka kijiko chini."

"Umudanganye. Tafuna bure."

Yule mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Bale bazee? Banaona!"

Alinyoosha vidole vitano, akakunja viwili, akamwonyesha mwenzake vilivyobaki. "Alors, hawa batatu, nani atabakulisha?"

Nadhani daktari alimuuliza anakula mara ngapi kwa siku, naye akasema kweli. Hakuulizwa anakula na nani.