Makapu ya Maharage Mekundu

Wivu wa mume watu huusimulia hata kisimani. Wivu wa shoga mtu huumeza. Generosa, mjane wa kijiji cha Makere, aliumeza wake msimu mzima, kama kokwa iliyogoma kushuka, huku akisalimia watu kwa tabasamu.

Bustani ya bondeni, chini ya zahanati, ilianza na yeye. Alipomzika mumewe usingizi ulimkimbia, presha ikawa inapanda, na nesi Firdausi, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akachoka kumwandikia vidonge. "Mama Kasian," alimwambia, "tafuta mwenzako mkalime. Ukikaa peke yako, hata dawa haina wa kuisaidia."

Mwenzake akawa Evaline. Walishika tuta moja, huyu kichwani, yule miguuni, wakapalilia kuelekeana mpaka majembe yagongane katikati. Yakigongana, Evaline hucheka. Katika kicheko hicho Generosa alianza tena kulala.

Wanawake wengine wakafuata. Generosa alimpa Evaline mbegu ya maharage mekundu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Evaline akampa jirani, jirani akampa mwingine, hata bonde zima likawa linapika chungu kimoja.

Ndipo akaja Aline. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi enzi za vita, yeye ni raia wa hapa, mjane kijana mwenye maneno ya Kirundi yaliyowafanya wenzake wamwombe ayarudie wapate kucheka. Asubuhi moja mbuzi wa Generosa walikata kamba, akachelewa. Alipofika bondeni, Aline alikuwa miguuni pa tuta, Evaline kichwani. Majembe yakagongana. Evaline akacheka, kile kile kicheko.

"Umechelewa, shoga," Evaline alisema. "Nimeazima mkono."

"Mkono tu?" Generosa akauliza, akatabasamu, akaenda kukaa kivulini na jembe lake.

Tangu hapo jicho lake halikutulia. Aliona nani kashuka na nani, nani kamtua nani mzigo, kitenge cha nani kimetandikwa wawili wakae. Msimu uliofuata, siku ya kupanda, Aline alifungua fundo la kanga yake. Maharage mekundu.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Kanipa dada Evaline, mama."

"Hiyo ni mbegu ya mama yangu. Nirudishie."

Majembe yakanyamaza. Bondeni pale mbegu huombwa, haidaiwi. Ukimdai mtu mbegu umemwambia basi: hatulimi tena pamoja, hatuli sahani moja. Aline alilijua hilo, maana kwao nako ni hivyo hivyo.

"Utaipata, mama," alisema, akafunga fundo lake.

Wivu una macho makali, lakini hauoni mbali. Generosa alidhani amekata uzi mmoja. Kumbe, ikiwa Evaline hakuwa na haki ya kumpa Aline, basi hakuna aliyekuwa na haki ya kumpa yeyote. Siku ya kazi iliyofuata Aline aliweka kikapu kichwani pa tuta la Generosa, kimefunikwa jani la mgomba. Nyuma yake akaja Evaline na chake. Kisha jirani. Kisha wote, mmoja mmoja, bila ugomvi, kama watu wanaotoa sadaka.

"Mama Kasian sasa ni ghala," mmoja alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

Generosa alilima peke yake. Alianzia kichwani akafika miguuni, na jembe lake halikugonga kitu. Mbegu yote ya mama yake ilikuwa yake, na usingizi ukamkimbia tena.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, alichukua kikapu kitupu akaenda kwa Aline. Alianza na yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kumwendea. Mlangoni aliona kandambili za Aline, na ubavuni mwake, zikigusana, za Evaline. Kokwa ikapanda kooni. Nusura ageuke.

"Hodi. Nimekuja kuomba mbegu."

Ndani sahani ikawekwa chini.

"Mama," Aline akajibu, "ya maharage sina. Nilikurudishia yote."

Kicheko kikamponyoka Evaline, naye akajiziba mdomo, akashindwa.

"Basi nipe yoyote," Generosa alisema. "Nikirudi na kikapu kitupu, nitakuwa nimekufa."

"Ya boga ipo. Ila boga linatambaa, mama. Litaingia kwenye matuta ya watu."

"Liingie. Na kesho waambie wote waje kwangu waombe maharage."

"Ingia basi, shoga," Evaline aliita. "Chakula kinapoa."

Generosa aliinama kuvua kandambili zake. Alitazama ndani, akaona hakuna anayemwangalia. Kwa kidole cha mguu akazisogeza za Aline pembeni kidogo, akaziweka zake katikati, karibu na za Evaline. Kisha akaingia kula.