Usukani wa Katikati

Harufu ya pareto inayokaushwa haifanani na nyingine. Ni kavu, chungu kidogo, na hukwama kooni na kwenye nguo hata zikifuliwa. Ndiyo harufu ya utoto wangu kwenye shamba la mzungu kule Subukia, miaka ya hamsini, ambako baba alikamua ng'ombe na mama akachuma maua ya pareto. Nyuma ya banda la kukaushia palikuwa na uwanja mgumu, na hapo ndipo mimi na rafiki yangu Njeri tulipoamua kuunda gari. Si gari la kubeba viazi. La mbio, fupi, jekundu, la viti viwili, kama yale tuliyoyaona yakipita na vumbi lake, yakiendeshwa na vijana wa kizungu waliokwenda kushindana Nakuru. Wavulana walitucheka mpaka wakashika mbavu. Tuliwaacha wacheke, ukiona vyaelea, vimeundwa, na hakuna aliyesema vimeundwa na wavulana.

Tulilichora kwa majivu, kwa ukubwa wake kamili, tukalichora upya kila mara mama alipolifuta kwa ufagio. Viti vingekuwa magunia, bodi mabati ya madebe, na injini tungeiona mbele ya safari. Kitu cha kweli kilikuwa kimoja tu, usukani wa trekta kuukuu, tuliopewa na baba yake Njeri, fundi wa shamba, baada ya kumsumbua mpaka akachoka. Tuliuchomeka juu ya kijiti, na papo hapo ugomvi ukazuka: nani dereva? Tulinuniana kutwa nzima. Jioni Njeri akaja na shauri lake.

"Tuweke usukani katikati," akasema. "Hakuna mtu atabebwa."

Basi tukakaa bega kwa bega, kila mmoja na mkono wake, tukaenda Bahati, tukaenda Nakuru, tukarudi. Kwenye kona ilibidi tukubaliane, la sivyo tungeingia mtaroni.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na serikali ya kikoloni ikaanza kuwaondoa Wakikuyu mashambani, kina Njeri wakiwemo. Sisi Wakipsigis tuliachwa. Lori lilikuja asubuhi, watu wakapandishwa na vyombo vyao mikononi, kuku wakabaki wakizurura. Njeri alikuwa amebeba sufuria ya mama yake. Nilimkimbilia na usukani, auchukue, akakataa.

"Kaa nao. Nikirudi nakuja na magurudumu."

Mama alinishika bega akaniambia milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Nilimwamini.

Niliendelea kulichora gari lile peke yangu. Nilikaa upande wangu, mkono mmoja kwenye usukani. Kaka yangu aliniona akanihurumia. "Si uusogeze tu kwako?" akaniuliza. Nikauacha palepale katikati. Masika yakaja, majivu yakaenda na maji.

Njeri hakurudi, na kila niliyemuuliza habari zake hakuzijua. Siku hizi naishi Kiamunyi, karibu na Nakuru, na nina gari langu, jeupe, usukani uko kulia kama wa kila mtu. Ule wa trekta nimeutundika ukutani, na wajukuu huuliza gari lake liko wapi. Kiti cha pembeni yangu kimekaliwa na wengi: marehemu mume wangu, watoto, majirani wa kwenda sokoni. Niliwapenda. Lakini wote hao niliwabeba tu.