Aliyemnyima Mjukuu Wangu Marahaba

Ijumaa iliyopita tulimzika, nami nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu wa msiba. Sikulia. Mnaonisoma mnanijua, simpambi mtu kwa sababu amekufa. Marehemu alikuwa bingwa wa kuandika programu za kompyuta hapa Tabora, na ndiye aliyesimamia kundi la mtandaoni la wenzake wa kazi hiyo. Kabla ya ubingwa huo alitoka kijijini Choma akaishi kwangu Sikonge kama mwanangu, miaka mitatu, akisoma. Siku ya kwanza tulipompeleka kwenye mizinga yetu ya nyuki kule Ipole alifungua mzinga bila moshi, nyuki wakamvimbisha uso mzima. Mume wangu hakumtukana. Alimuuliza tu, "Moshi umeuacha wapi, baba?" Wakaanza upya, polepole, hadi akaweza.

Sasa mwaka jana mjukuu wangu wa kike, anayejifunza kuandika programu kama yeye, alikwama. Alikuwa akiandika programu ya kuwakumbusha wafugaji nyuki siku za kukagua mizinga, nayo ikawa inakataa kutunza tarehe. Nikamwambia, "Ingia kwenye kundi la mjomba wako, hawezi kukuangusha." Akaandika, "Shikamooni wakubwa zangu," kisha akatulia akingoja, maana nimemlea hivyo: hutaji shida yako kabla hujaitikiwa. Akangoja siku mbili nzima. Ya tatu, marehemu akamjibu mbele ya kundi zima: "Dada, una swali au umekuja kutembea?" Wakacheka. Binti akatuma picha ya kioo cha kompyuta aliyoipiga kwa simu, haisomeki. "Hata kuuliza hujui! Rudi Sikonge ukachume tumbaku." Akamtoa kundini.

Nikampigia simu.

"Mama, mtandaoni ndivyo tulivyo. Mwenye nia atavumilia."

"Ulijua ni nani yule?"

Akaanza kuniulizia habari za mizinga. Alijua.

Tangu hapo binti hajagusa kompyuta, na wafugaji wanaendelea kusahau tarehe zao. Mimi sijui programu, lakini kufundisha nakujua. Mgeni akikuamkia, itikia, umwambie taratibu kwamba humo swali halingoji salamu. Picha haisomeki? Mwelekeze anakili maandishi yenyewe. Muulize amejaribu nini, mwonyeshe alipokosea, halafu umwachie kidole chake mwenyewe kirekebishe. Ukichoka, nyamaza, mwenzako atamjibu. Matusi ya nini?

Msibani vijana wa kundi lile walinijia mmoja mmoja kunieleza jinsi marehemu alivyokuwa na akili. Nikawauliza, "Na siku ile mlicheka nini?" Marehemu nimemwombea apumzike. Kumsamehe bado sijaweza, na yeye hawezi tena kurekebisha. Nyie mliocheka mnaweza. Binti yupo nyumbani, na njia ya kwangu mnaijua.