Mnyama Aliyenifia Kwenye Gemu

Wallahi nina hasira mpaka leo! Mwezi mzima niliringia Garissa yote: binamu yangu Abdi analeta gemu kutoka Nairobi, kimnyama kinakula nyama, kinaota miguu, kinaota pembe. Waliobisha niligombana nao. Abdi hadanganyi!

Gemu ikafika. Duka letu likajaa watu, mbele kakaa adeer Hassan, mfugaji, kaka ya baba. Kimnyama kikataka kung'ata mzoga. Nikakivuta, nikajidai mbele ya adeer: "Haujachinjwa, asile haramu!" Nikakilisha majani tu.

Kikaanguka. Maandishi ya Kizungu yakatokea.

"Yanasemaje?" adeer akauliza.

"Amelala."

"Amelala? Mimi mfugaji, mnyama aliyekufa namjua. Na fisi, kijana, ulimwona lini akingoja kuchinjiwa?"