Moto wa Sigara ya Baba

Juzi kaka yangu alimtuma binti yake Kessy, mwenye miaka saba, amwashie sigara kwenye mbabula, jiko la makaa. Tangu hapo usingizi umenipaa. Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba. Nikisema, ataona masomo yamenipa kiburi. Nikinyamaza, mtoto atazoea.

Mimi pia nilitumwa hivyo na baba utotoni, alasiri moja mtaani kwetu Kamenge. Jikoni kulinuka makaa na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Niligusisha sigara kwenye kaa jekundu, nikavuta ili isizimike, kifua kikaungua. Baba alicheka uani.

"We Aline, umeshakuwa mukubwa!"

Nilijivuna siku nzima. Kikohozi chake cha kila asubuhi nilidhani ni sauti ya baba wote. Hakuna aliyenieleza vingine, hata tulipomzika.

Leo Kessy alipopita tena na sigara, niliichukua mkononi mwake, nikamketisha kando yangu.

"Shangazi, papa anangoja moto."

"Acha angoje. Nataka ujue babu yako alikufa na nini."

Kaka aliita kutoka barazani, mara mbili. Nilipaza sauti ili naye asikie, nikaanza kueleza.