Nani Ananusa Jikoni Kwako?

Nakumbuka swali ambalo muuza majiko mmoja wa mjini Morogoro aliniuliza siku niliyokwenda kumnunulia mama jiko la gesi: "Huko kwenu, nani ananusa?" Nilikuwa na shahada mpya ya chuo kikuu, hela ya jiko na haraka ya kuondoka. 

Mwanangu, nakuita mwanangu kwa sababu mimi ni mama yako mdogo, hata kama tumepishana miaka kumi na miwili tu na bado sijaota mvi za kutolea nasaha. Nilijiapiza kwamba sitakuwa mtu wa kuanza maneno na "zamani sisi". Lakini jana umenitumia picha ya jiko lako jipya huko Kihonda, na nimeitazama mpaka chai ikapoa. Mtungi umeutia kabatini, mlango umeuacha wazi nione. Umeuvalisha kitambaa cha kufuma. Mpira wa gesi umeupitisha nyuma ya jiko kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu chini umeandika: "Mama mdogo, pamependeza?"

Hapajapendeza. Kaa chini nikwambie.

Yule muuza majiko alikuwa mzee wa Kihindi ambaye familia yake iliuza majiko pale tangu enzi za majiko ya mchina ya mafuta ya taa. Alinipa masharti mengi. Mtungi usimame wima, usifungiwe kabatini. Mpira uwe mpya na mfupi, usipite nyuma ya jiko. Vibano vya kukazia mpira viwe viwili, kimoja kila upande. Ukutani pawe na tundu, chini, karibu na sakafu. Kila sharti niliuliza kwa nini. Alijibu mawili ya mwanzo kwa upole, kisha akavua miwani.

"Binti, unanunua jiko au unanipa mtihani?"

"Nanunua jiko, mzee. Lakini dirisha lipo. Tundu la chini la nini?"

"La gesi."

"Si itatoka dirishani?"

Akamtazama mteja aliyekuwa nyuma yangu kama mtu anayetafuta shahidi. "Haya. Huko kwenu, nani ananusa?"

"Kila mtu ana pua, mzee."

"Sijauliza nani ana pua. Nimeuliza nani ananusa."

Watu dukani wakacheka. Mimi nikaona huyu mzee amechoka, na anataka tu kuniuzia mpira na vibano. Siku hizo niliamini kwamba sharti lisiloelezwa halina sababu. Ujinga huo, mwanangu, niliusomea miaka mitatu.

Nikabeba jiko na mtungi hadi Mkuyuni, kwa bibi yako, nikafunga mwenyewe. Mpira nilipewa na rafiki aliyekuwa anahama, ulikuwa umekakamaa kidogo. Kibano kilikuwa kimoja, kwa hiyo upande wa pili nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakaza kwa meno. Mtungi nikautia kabatini chini ya meza ya jiko, maana mama aliogopa wezi. Naye alikuwa keshaufumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano.

"Mama, mtungi nao unavaa?"

"Redio imevaa, makochi yamevaa, huu wenye bei yake ndio ukae uchi?"

Nikacheka, nikafunga mlango wa kabati.

Siku ya tatu mama alinituma chumvi. Ulikuwa msimu wa matunda ya doriani, na Mkuyuni ya msimu huo unaijua: barabara nzima inanuka, ingawa wenye kuzipenda watakwambia inanukia. Niliporudi, harufu ikanipokea uani. Hatua mbili za kwanza hata mimi nilidhani ni doriani. Ya tatu nikakumbuka kwamba ndani mwetu hamkuwa na doriani hata moja. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati lililo wazi, kiberiti mkono mmoja, njiti mkono wa pili.

"Mama! Weka kiberiti chini!"

"Unamfokea nani?"

"Gesi, mama! Weka chini!"

"Chumvi umeleta?"

Nilimpokonya kiberiti, nikamvuta nje mpaka kanga yake ikabaki mlangoni. Nikarudi nimebana pumzi, nikafunga mtungi, nikafungua milango yote. Swichi ya taa sikuigusa, na wala haikuwa akili: umeme ulikuwa umekatika. Ungekuwepo, ningewasha taa nione vizuri, na cheche moja ndani ya swichi ingetosha.

Tulikaa uani, yeye amenuna.

"Mama, kweli hukusikia harufu ile?"

Akatazama barabarani. "Nilisikia. Nilidhani doriani."

Nikaamini. Mimi niliyembana muuza majiko kwa sababu ya tundu la ukutani, mama nilimwamini kwa neno moja. Kwa miaka mingi nikawa nahubiria watu kwamba penye jiko la gesi doriani zisiingie.

Sasa wewe hutaki sharti bila sababu. Najua, umerithi kwangu. Chukua yote mawili, sharti na sababu yake, na usiniambie kwamba majirani zako wote wamefunga hivyo hivyo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kabatini, wala haina habari na dirisha lako zuri la juu. Ndiyo kazi ya lile tundu la chini. Mtungi utoe kabatini leo, na kitambaa kivue, kwa sababu siku ya hatari mkono wako unatakiwa uifikie vali ya kufungia gesi, usianze kupapasa maua. Mpira ulio nyuma ya jiko unachomwa na joto kila siku mpaka unapasuka. Ukiona ufa hata mmoja, tupa. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, ufungue mtungi. Povu likivimba, funga, umwite fundi anayeijua kazi hiyo. Usipime kwa kiberiti, nakuomba. Na ukisikia harufu, usiwashe wala usizime kitu chochote: funga mtungi, fungua milango, toka.

Kisha jibu lile swali. Unaishi na mwenzako, ananusa? Muulize. Usimkadirie kwa kumtazama uso.

Mungu akupe moto wa buluu na wageni wa kuwapikia, akuepushe na ubishi wangu, na jiko lako lisikuletee ila shibe.

Mwaka jana nilimpeleka bibi yako hospitali kwa mafua yasiyokwisha. Daktari akamwambia afumbe macho, akamwekea mdalasini chini ya pua, akamuuliza ni nini. Mama, aliyebandua mdalasini Matombo tangu utotoni, akafumbua macho na kunitazama mimi kwanza. Kisha akasema polepole kwamba hajasikia harufu ya kitu chochote, iwe gesi, iwe doriani, tangu homa aliyougua kabla mimi sijazaliwa.